Mlima Uliogeuzwa

Siku ya tatu fundi alinipiga rula. Ilikuwa rula ya mbao yenye ukingo wa chuma, ikatua kwenye vifundo vya mkono wa kulia, mkono ulioshika brashi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, na tangu nimalize shule hakuna mtu aliyekuwa ameninyanyulia mkono akabaki salama. Nikaokota kopo la rangi nyekundu nikamvurumishia. Lilimpata gotini. Akaitazama suruali yake, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ileile ya upole aliyoitumia kwa kila kitu, "Haya, tumemalizana. Sasa njoo nikuonyeshe kwa nini nimekupiga."

Nilichokuwa nimechora ni nembo ya mashine ya kusaga. Mwenye mashine alitaka alama ya kupaka ukutani na kupiga chapa kwenye mifuko ya unga. Mimi, kwa kutaka nionekane najua, nilimwekea muhindi, mgomba, jua linalochomoza, mama mwenye kikapu kichwani, jembe, na nyuma ya vyote hivyo mlima na theluji yake. Rangi tano. Nilikuwa nimeipenda mpaka nikawaita majirani waje kuiona.

Fundi akaichukua karatasi, akavuka nayo barabara, akasimama mbele ya banda la supu na kuinyanyua juu ya kichwa chake. "Unaona nini?" akapaza sauti. Niliona doa. Doa la kijani na kahawia, kama mtoto ametapika. Akarudi, akaichana mara mbili, akaichana tena.

"Huyu bwana anasaga nini?" akaniuliza. "Anasaga mlima?"

Damu ilinichemka. Ningeweza kuondoka siku ile, na mara nyingi baadaye nilitamani ningeondoka. Lakini kiwanda cha serikali nilichokipigia chapa magunia kwa miaka minane kilikuwa kimetupunguza, nusu yetu kwa siku moja, na mjini Moshi kila mtu alikuwa anafungua kitu: saluni, bucha, duka la dawa, basi moja la kwenda Dar. Kila kitu kilichofunguliwa kilitaka alama. Sikujua kuchora, ila nilijua kukata stensili, na nilijua pia kwamba lile doa nililiona kwa macho yangu mwenyewe. Nikabaki.

Karakana yake ilikuwa uzio wa mabanzi huko mtaa wa Mawenzi, hatua chache kutoka hospitali ya mkoa. Hapo nilikaa miezi kumi na moja nikijifunza kwa kelele, kwa rula na kwa moto. Rangi alinikataza kabisa miezi miwili ya kwanza. Nilichora kwa kipande cha mkaa tu. Kila nembo ilianza kwa ukubwa wa kiberiti, kwa sababu, alisema, inayoeleweka ikiwa ndogo haitashindwa ikiwa kubwa. Kisha alivuka nayo barabara, akamwonyesha mmoja wa walaji wa supu huku akihesabu moja mpaka tatu, akaificha, akamwambia achore alichokiona kwa kidole kwenye vumbi. Mtu akiweza, nembo inaishi. Asipoweza, inaingia kwenye jiko la mkaa, na mimi nasimama pale nikiitazama inavyojikunja. Alizichoma nyingi. Nyingine nilikuwa nimezililia.

"Nembo si barua," aliniambia siku moja baada ya kuchoma ya nne asubuhi moja. "Ni kofi. Unalisikia kabla hujajua nani kakupiga." Ndiyo maana alichukia maneno ndani ya nembo. Maneno, kwake, yalikuwa ya mtu aliyekaa kitini. Nembo ilikuwa ya mtu anayepita mbio na mzigo kichwani, au ya bibi ambaye hakuwahi kuingia darasani. Kila herufi niliyoiweka aliikwangua kwa kiwembe, na mara moja alikwangua mpaka ngozi ya kidole changu.

Wateja nao hawakuwa malaika. Mwenye bucha mmoja aliletewa ubao niliouchora mimi, kichwa cha ng'ombe kwa mistari mitano, safi, nami nimevimba kichwa. Pembe nilikuwa nimeziondoa ili zisigusane na ukingo. Akautazama ubao, akaingia ndani, akatoka na shoka la kukatia mifupa. "Ng'ombe hana pembe, hana! Watu waseme nawauzia nini? Punda?" Akaupasua vipande vinne mbele ya wateja, vipande vya mbao vikiruka na vya nyama vikimwangukia kwenye aproni. Nikamwambia matusi ambayo mama yangu angenifukuza nyumbani kwayo. Fundi aliyekuja nami aliokota vipande. Njiani akasema mwenye bucha alikuwa na haki, na nisipotaka kusikia hivyo nikatafute kazi ya kusuka.

Sasa nieleze kuhusu beji, maana ndiyo niliyokaa kuandika.

Msimu ule wanunuzi binafsi wa kahawa waliruhusiwa kupanda vijijini na mizani zao. Wizi nao ukapanda. Kahawa ilikuwa inalala juu ya vichanja kukauka, asubuhi unakuta kichanja kitupu. Kwetu Kirua Vunjo walimkata panga mzee mmoja, jirani yetu wa kihamba cha juu, shamba la migomba la ukoo wao, aliyekuwa analala juu ya magunia yake. Akafa kabla hajafikishwa barabarani. Ikasemwa kahawa inavushwa mpaka kwenda Kenya, na kwamba wanaoiiba wanatoka hukohuko. Hakuna aliyewahi kumkamata hata mmoja akamuuliza kwao ni wapi. Hata hivyo kila mtu alijua, na kila nilipopanda kwa mama nilikuta wanaume wananoa panga zao kwenye jiwe la mlangoni huku wakizungumzia watu wa ng'ambo.

Mwanajeshi mmoja mstaafu akafungua kampuni ya ulinzi. Wanunuzi wa kahawa walikodi kwake walinzi wa kukaa kwenye vituo vyao huko juu. Alikuja karakana akasimama wima kama yuko gwaride. Alitaka beji arobaini za kushonwa kifuani, nyeusi kwenye kitambaa cheupe. "Vijana wangu ni wageni huko," alisema. "Mtu asiyejua kusoma awatambue, na awatambue kwa mbali, kabla hajachomoa panga."

Fundi alinipa mimi kazi ile. Nilichora siku tatu. Mlima wa vilele viwili juu, Kibo na Mawenzi. Chini yake komeo la mlango lililofungwa. Basi, hakuna kingine. Fundi alivuka nayo barabara. Mla supu wa kwanza aliichora vumbini bila kusita, wa pili pia, na yule wa tatu, mzee mwenye mikono ya kutetemeka, aliipata mpaka komeo. Fundi akarudi na karatasi ikiwa nzima, akanirudishia. Akasema, "Hii ni nembo." Nilikwenda nyuma ya uzio nikacheka peke yangu.

Kesho yake alipata habari ya msiba, akaenda Upare kuzika. Aliniachia kazi ya kuzichapa.

Stensili tulikata kwenye filamu kuukuu za eksirei zilizotupwa. Ni ngumu na hazilowi. Niliyoishika mimi ilikuwa na kifua cha mtu, mbavu zote zinahesabika. Nikaukata mlima katikati ya mbavu zile kwa kiwembe. Lakini filamu ilikuwa imejikunja, kingo za nilipokata zikanyanyuka, na nilipopaka rangi kwa sponji ikapenya chini na kuvuja. Vitambaa vitatu vikaharibika. Vilivyobaki vilikuwa arobaini kamili, na mwanajeshi alikuwa anakuja jioni ileile. Nikaigeuza filamu, upande wa chini ukawa juu. Kingo zikakibana kitambaa sawasawa. Nikapaka. Mstari ukatoka safi kama umekatwa kwa kisu, nami nikaendelea kwa raha, moja baada ya nyingine.

Nilikuwa kwenye ya saba nilipoona.

Kwetu sisi wa upande huu, Kibo iko kushoto na Mawenzi iko kulia. Tunazaliwa tukiuona hivyo, na tunazikwa hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza akiuchora kinyume, wenzake wanamcheka mpaka alie. Na mlima wangu pale mezani ulikuwa na Kibo kulia na Mawenzi kushoto, kama wanavyouona wanaokaa nyuma yake, upande wa Kenya. Kungekuwa na herufi hata moja ndani ya nembo ile ningelijua kosa kwenye kitambaa cha kwanza. Haikuwa nayo, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Nililitazama lile jambo muda wa kutosha. Sisemi uongo kwamba nilipitiwa. Nilifikiria kwenda kwa mwanajeshi na kumwambia nimeharibu, nikafikiria uso wa fundi akirudi, nikafikiria jinsi mstari ulivyotoka safi. Nikajiambia mlima ni mlima, nani atakaa kuchunguza kifua cha mlinzi? Nikamalizia thelathini na tatu zilizobaki. Mwanajeshi alikuja, akazishika, akasema ni kazi nzuri sana. Yeye alikuwa mtu wa Songea.

Fundi aliporudi, beji zilikuwa zimeshashonwa na walinzi wameshapandishwa. Akaniuliza zilitokaje. Nikasema zilitoka safi.

Siku kumi baadaye, Jumamosi, nilikuwa kwa mama yangu Kirua Vunjo. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mlima uko wazi kabisa, nasi tunamenya ndizi za mtori. Yowe likapigwa kutoka chini ya mfereji, sauti ya mwanamke. Kwetu yowe halijadiliwi. Likipigwa kila mtu anatoka na alichoshika, na anayebaki ndani ataulizwa kwa nini alibaki. Kaka yangu mkubwa alitoka na panga. Mimi nilitoka na kisu cha ndizi, mikono ikiwa bado na utomvu.

Tulipofika walikuwa wameshamzunguka, watu kama thelathini, na wengine wanatokeza migombani. Alikuwa amepiga magoti ndani ya mfereji, maji yanapita mapajani mwake, na shati lake lilikuwa la kaki. Galoni ya maji ilikuwa imeanguka pembeni. Alikuwa ametoka kituo cha kununulia kahawa kuja kuteka maji ya chai, na mfereji unapita nyuma ya vichanja vya yule mama aliyepiga yowe. Mama aliona mgeni ameinama karibu na kahawa yake.

Wakamuuliza kwa Kichagga yeye ni mtoto wa nani. Hakuelewa. Wakamuuliza tena, na jiwe la kwanza likampata mdomoni.

"Mimi mlinzi, wazee wangu!" alisema kwa Kiswahili, meno yakiwa na damu. "Natoka Mabogini hapo chini, mkulima wa mpunga. Nina siku ya nne tu kituo hiki. Tazameni beji! Beji hii hapa!"

"Chasaka huyu," mtu akasema nyuma yangu, yaani si wetu. Lakini baadhi yao walisita. Beji ilikuwa inaonekana vizuri, nyeusi juu ya nyeupe, ilionekana mpaka nilipokuwa nimesimama mimi. Kaka yangu akaingia mferejini, akalishika shati kifuani, akaivuta beji karibu na macho yake.

"Kibo iko wapi hapa?" akauliza.

Watu wakaugeukia mlima uliokuwa juu ya migomba, kisha wakaigeukia beji. Niliwaona wakifanya hivyo, vichwa vyote kwa pamoja.

"Huu ni mlima wa kule!" kaka yangu akapiga kelele. "Kenya! Wameushona kabisa kifuani!"

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kitu. Fimbo zilianza mgongoni. Mwanamke aliyekuja na mchi alimpiga nao begani na nikasikia mfupa. Yule mtu hakufunika kichwa. Hilo ndilo lisiloniacha mpaka leo: alinyanyua mkono wa kulia na kuendelea kuionyesha beji, kama vile anaamini tatizo ni kwamba hawajaitazama vizuri. Panga la kaka yangu lilishuka juu ya mkono ule. Vidole vitatu vikaenda na maji.

Nilisimama. Naliandika wazi kwa sababu watu wa kwetu wanapolisimulia jambo hili wananisifu. Nilisimama huku nikijua kila kitu, peke yangu kati ya wote wale, na nilichokuwa nawaza ni kwamba nikisema ni mimi, panga zitanigeukia. Nikasikia mtu anatuma petroli iletwe kutoka kwenye pikipiki. Hapo ndipo miguu yangu ilipoondoka. Nilimrukia kaka yangu na kumuuma kifundo cha mkono mpaka nikaonja damu yake, panga likadondoka. Nikamwangukia yule mtu juu yake, nikaishika beji, nikaing'oa na uzi wake. Kitambaa kilikuwa chepesi na rangi ilikuwa imepenya mpaka nyuma. Nikaigeuza, nikamkandamiza nayo kaka yangu usoni.

"Tazama! Kibo hii, Mawenzi hii! Nimeichapa mimi! Mimi, dada yako, nimekosea, nimeichapa kinyume!"

Aliitoa usoni. Akaitazama, akautazama mlima, akaitazama tena, akaigeuza mbele na nyuma. Fimbo zikaanza kushuka moja moja. Bibi mmoja akasema kwa Kichagga mwacheni mtoto wa watu. Mwanaume mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akampiga teke la mbavu hata hivyo, nadhani kwa kuwa alikuwa amekimbia kutoka mbali.

Walewale waliompiga walimbeba kwa ngazi mpaka barabarani, na gari la mnunuzi wa kahawa likamteremsha mjini. Walipokuja watu wa kuuliza maswali, kijiji kizima hakikuwa kimeona kitu. Kaka yangu alikaa siku nyingi bila kula mbele za watu.

Fundi nilimweleza Jumatatu. Nilisubiri anipige, na ninakiri nilitaka anipige. Aliomba filamu. Akainyanyua juani, akauona mlima kati ya mbavu, akaigeuza, akaona mahali rangi ilipokaukia. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuambiwa. "Uliona ukiwa kwenye ya ngapi?" akauliza. Nikasema ya saba. Akaenda mwenyewe kwa mwanajeshi, akazikusanya beji zote na kuzichoma, akachapa nyingine arobaini kwa mkono wake bila kuzungumza nami. Alipomaliza akasema, "Hospitali ni hapo. Sijui unangoja nini."

Nilingoja wiki tatu. Kutoka karakana mpaka wodi ile ni mwendo wa dakika tano.

Alikuwa ameketi kitandani, jicho moja limefungwa, mkono wa kulia umevingirishwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, taya limevimba. Mkewe alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Nilipowasalimia wakaitikia kwa heshima, na alipojua natoka Kirua Vunjo na kwamba mimi ndiye yule mwanamke wa mferejini, mkewe aliweka kikombe chini, akanishika mikono yote miwili, akalia.

"Dada, Mungu akubariki," yule bwana alisema kwa shida. "Bila wewe wangenichoma. Na mimi nina makosa yangu. Nimekaa hapa najilaumu kila siku. Mtu unakwenda kufanya kazi kwa watu, hata salamu yao hujajifunza."

Ningeweza kuondoka na baraka zile. Nilikuwa nimeleta ndizi na maziwa, ningeviweka nikaaga, na mpaka leo ningekuwa mtu mwema katika nyumba ile.

"Beji niliichora mimi," nikasema. "Niliichapa kinyume. Ndiyo maana wakakuita mtu wa kule."

Wakatazamana. "Kila mtu anakosea, dada," mkewe akasema polepole.

"Sikukosea. Niliona kabla sijawapa. Niliona, nikaendelea."

Mkewe aliachia mikono yangu. Akaupangusa uso wake kwa khanga, kisha akakiokota kikombe cha uji na kunikabidhi mimi, pamoja na kijiko.

"Basi mlishe wewe," akasema.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikachota, nikapuliza, nikapeleka kijiko. Akanitazama kwa lile jicho moja. Hakuwa na hasira ambayo ningeweza kuijibu. Akafumba mdomo. Uji ukagusa midomo yake ukatiririka kidevuni, nikaupangusa kwa kiganja, nikachota tena, nikapeleka tena. Nilikaa pale mpaka uji ukapoa na kugandia kwenye kijiko, na mdomo ule haukufunguka.